Fahamu: Namna ya kujua kama faili imechezewa

Katika saiba za mitaa ya Umoja, Buruburu na Kayole jijini Nairobi, programu husafiri kwa flashi. Anayekopi faili ya gigabaiti kadhaa anaokoa bando lake, lakini faili iliyopita mikono mingi huenda imeharibika njiani au imepachikwa virusi.

Cheksamu ndiyo kipimo. Kanuni ya SHA-256 husoma faili nzima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Ikibadilika hata baiti moja, mfuatano wote hugeuka.

Mwenye programu ya 7-Zip kwenye Windows haandiki amri yoyote. Hubofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi, huchagua CRC SHA, kisha SHA-256. Kidirisha kikifunguka, hunakili matokeo kwa Ctrl+C na kuyalinganisha na cheksamu iliyochapishwa na watengenezaji wenyewe. Alinganishe yote, si herufi nne za mwanzo tu.

Cheksamu iliyokuja na flashi ileile haisaidii kitu: aliyechezea faili angeweza kuibadilisha pia. Umuhimu wa cheksamu ya watengenezaji ulionekana Februari 20, 2016, wadukuzi walipoingilia tovuti ya mfumo wa kompyuta wa Linux Mint na kuwaelekeza watu kwenye faili yenye mlango wa siri. Watengenezaji walitoa cheksamu halali ili waliopakua wakague nakala zao.