Kamera Ndogo ya Dijitali kama Zana ya Kufundishia

Mtoto wa Ujiji husoma kitabuni habari za bandari na masoko ya mbali, huku mwalo wa Kibirizi, ambako dagaa hushushwa asubuhi, haumo katika picha yoyote ukutani mwa darasa lake. Hata tukio lililoutangaza mji huu ulimwenguni, yaani mkutano wa Stanley na Livingstone wa mwaka 1871, halikupigwa picha. Michoro tuionayo ilichorwa baadaye. Tulijiuliza, basi: je, mwalimu wa shule ya msingi aweza kuyaleta mazingira ya wanafunzi wake darasani kwa picha alizopiga mwenyewe, bila kujitwisha gharama asiyoimudu? Katika makala haya tutaeleza tulivyonunua kamera ndogo ya dijitali, tulivyoijaribu ufukoni, na tulichojifunza.

Kwa nini kamera, wala si simu?

Tangu simu zilipoanza kupiga picha nzuri, watu wengi wameziweka kando kamera zao ndogo. Kwa sababu hiyo kamera zilizokwisha kutumika hupatikana kwa bei nafuu. Simu ya mwalimu ina fedha zake, ujumbe wake na siri zake. Hawezi kumkabidhi mtoto wa darasa la nne. Kamera yaweza kupita mikononi mwa wanafunzi, nao wakaamua wenyewe ni kitu gani kinachostahili kupigwa picha. Hapo ndipo somo huanza.

Inavyofanya kazi

Kamera ya kwanza ya dijitali ilitengenezwa mwaka 1975 na Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak nchini Marekani. Ilikuwa na uzito wa kilo 3.6 hivi, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja. Kanuni yake ndiyo ile ile ya leo. Lenzi hukusanya mwanga na kuuangusha juu ya kibati kidogo chenye vijisehemu vingi mno, viitwavyo pikseli. Kila pikseli hupima mwanga uliyoifikia, na kipimo hicho hugeuzwa kuwa namba. Namba hizo zote huhifadhiwa katika kadi, na zikipangwa tena huwa picha.

Wauzaji hupenda kusifu wingi wa pikseli, lakini mwalimu apige hesabu mwenyewe. Picha ya kuchapishwa yenye ukubwa wa inchi 6 kwa 4 huhitaji takriban pikseli 300 katika kila inchi. Upande mrefu ni 1,800, upande mfupi ni 1,200. Jumla ni 2,160,000. Kamera ya pikseli milioni 5, ijapokuwa ni ya zamani, yatosha na kubakiza.

Mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa

Tulichanga fedha watu watatu, na mara ya kwanza tulikosea. Tuliiangalia kamera kwa nje, tukaridhika na mng'ao wake, tukalipa. Siku ya pili tuligundua kuwa betri ilikuwa imevimba na chaja haikuwa yake. Muuzaji hakurudisha fedha, nasi tulilazimika kuchanga upya. Kwa mshahara wa mwalimu hilo si jambo dogo. Tunamshauri mwanachuo afuate hatua hizi:

1. Aitoe betri na kuiweka juu ya meza. Ikiyumba badala ya kulala sawasawa, imevimba, aikatae. Aidha, ahakikishe chaja ipo na inafanya kazi.

2. Aende na kadi yake. Kamera nyingi za kabla ya mwaka 2006 hazikubali kadi inayozidi ukubwa wa GB 2.

3. Apige picha ya karatasi nyeupe, kisha aikuze kwenye kioo. Madoa yakionekana mahali pale pale katika kila picha, kuna vumbi au kuvu ndani.

4. Apige picha ya ukurasa wa kitabu kutoka hatua moja. Herufi za pembeni zisomeke kama zile za katikati.

5. Aivute lenzi mbele na kuirudisha mara kadhaa. Ikikwaruza au kukwama, kuna mchanga ndani.

Kuijaribu ufukoni

Tulikwenda Kibirizi kwanza wakati wa jioni, na picha zote zikaharibika: watu walitoka weusi kama vivuli. Sababu ni kwamba ziwa liko magharibi mwa Kigoma. Jioni jua humkabili anayelitazama ziwa, na maji humetameta. Kamera hupunguza mwanga wote, na nyuso hubaki gizani. Tuliporudi asubuhi, jua likiwa mgongoni petu, nyuso zilionekana vizuri. Asubuhi ndipo pia mitumbwi hurejea, kwa kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa kuvutwa na taa. Mwalimu aepuke siku za mbalamwezi kali, maana taa hazivuti samaki sana, na mwalo huwa mkimya.

Jambo kubwa zaidi tulifunzwa na mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa. Tulipoinua kamera alisema, "Walimu, hata hodi hampigi? Picha zangu mwazipeleka wapi?" Tulitahayari. Tukaweka kamera chini, tukamwamkia, tukamweleza habari za somo letu. Alitaka kuona zile tulizokwisha kupiga. Akazitazama, akacheka: tulikuwa tumepiga dagaa walioanikwa mchangani, ilhali yeye alijivunia wale wa juu ya kichanja, wasio na mchanga, ambao humpatia bei nzuri. Alituongoza mwenyewe mahali pa kusimama. Laiti tungaliondoka na picha zetu za kwanza, tungaliwafundisha watoto uongo kuhusu kazi ya mama zao.

Kutumia picha darasani

Kioo cha kamera ni kidogo mno kwa darasa zima. Tulichapisha picha nne katika studio ya mjini: mtumbwi ukiwasili, dagaa wakishushwa, wakianikwa kichanjani, na wakifungwa magunia. Kila kundi lilipewa seti moja iliyochanganywa. Wanafunzi walizipanga kwa mfuatano, wakaandika sentensi moja chini ya kila picha. Mtoto mmoja ambaye aghalabu hukaa kimya alisimama na kusahihisha mpangilio wa kundi lake: kabla ya kufungwa, alisema, dagaa hugeuzwa juani, nasi hatukuipiga hatua hiyo. Alikuwa na haki. Picha ya tano tuliipiga juma lililofuata.

Kabla ya kuwapiga picha wanafunzi wenyewe, mwalimu apate idhini ya mwalimu mkuu na ya wazazi, wala asionyeshe picha itakayomfanya mtoto achekwe na wenzake.

Kwa kumalizia, kamera haimfanyi mwalimu kuwa mjuzi wa mazingira. Humpa sababu ya kwenda kuwauliza wanaoyajua. Yule mama tulimpelekea nakala ya picha yake. Kabla ya kununua chochote, mwanachuo na ajaribu zoezi hili: aorodheshe picha nne za kazi moja ya mahali alipo, kisha amwonyeshe mtu anayeifanya kazi hiyo na kumwuliza ni ipi iliyosahauliwa.