Mpira Uliogandana na Masizi

Tairi za magari ya mwanzo hazikuwa nyeusi. Zilikuwa nyeupe au za kijivu, kwa kuwa mpira wake ulichanganywa na oksidi ya zinki, na zilikuwa zikilika upesi. Mwaka 1904, S. C. Mote, aliyefanya kazi katika kiwanda cha mpira cha Silvertown, London, aligundua kwamba masizi ya chembe ndogo sana huuimarisha mpira kwa kiwango kikubwa. Siku hizi, sehemu ya tairi inayokanyaga barabara inaweza kuwa na masizi kwa robo ya uzito wake au zaidi.

Wengi hudhani siri ni ugumu wa masizi tu: tia kitu kigumu ndani ya kitu laini, mchanganyiko utakuwa mgumu. Lakini hiyo haitoshi. Kwa kanuni waliyoitoa wanasayansi Guth na Gold mwaka 1938, chembe zikichukua asilimia 20 ya ujazo, ugumu wa mpira unapaswa kupanda kama mara mbili. Ukiupima mpira huo kwa mtikisiko mdogo sana, unakuta umepanda mara kadhaa zaidi ya hapo. Sehemu ya sababu ni kwamba masizi yameubadilisha mpira wenyewe.

Jambo hili linaonekana kwa macho. Chukua mpira uliokandwa na masizi lakini haujaivishwa kwa salfa, ukate vipande vidogo, uvitie katika kikapu cha waya na kuvizamisha ndani ya tolueni kwa siku kadhaa. Mpira mtupu ungeyeyuka wote. Hapa linabaki donge jeusi lililovimba, na ukilikausha ukalipima, uzito wake unazidi uzito wa masizi uliyotia. Ziada hiyo ni mpira ulioshikana na chembe hata kiyeyushi kikashindwa kuubandua.

Molekuli ya mpira ni uzi mrefu usiotulia, na kucheza kwake ndiko kunakoufanya mpira uvutike na kurudi. Uzi huo ukiugusa uso wa masizi mahali pengi, kila mgusano ni dhaifu, lakini yote kwa pamoja inaufunga. Vipimo vya sumaku vinaonyesha kwamba molekuli zilizo karibu na uso hujongea kwa shida, na uhuru wake hurudi kadiri zinavyokuwa mbali. Wapo wataalamu wanaosema tabaka hilo la karibu na uso huwa gumu kama kioo. Kwa mpira wa masizi, mimi sikubali: joto ambalo mpira hugeuka kioo mara nyingi halisogei sana baada ya kutiwa masizi. Naona ni mpira uliofungwa tu.

Tabaka lenyewe lina unene wa nanomita chache. Hapo ndipo udogo wa chembe unapokuwa na maana. Tuseme unene ni nanomita 5, na chembe ni za duara, zimetengana, zikichukua ile asilimia 20. Zikiwa na kipenyo cha nanomita 30, tabaka linameza theluthi nzima ya mpira uliomo. Zikiwa za nanomita 300, linapata kama asilimia 2 au 3 tu. Masizi ni yaleyale na kiasi ni kilekile, lakini mipira ni miwili tofauti.

Gharama ya uimarishaji huu ni joto. Chembe zilizokaribiana hujenga mtandao, na kila tairi inapozunguka, mtandao huo huvunjika na kujiunga upya, ukila nishati ya mafuta.

Ili kupunguza hasara hiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Michelin ilileta tairi zilizotumia silika badala ya sehemu kubwa ya masizi. Tatizo ni kwamba chembe za silika hupendana zenyewe kuliko zinavyoupenda mpira. Dawa yake ni sileini, molekuli ambayo upande mmoja hushika silika, na upande wa pili, wenye salfa, hushika mpira. Joto linalopotea hupungua bila tairi kuteleza kwenye barabara yenye maji. Lakini sileini inataka uangalifu, na wachanganyaji hulinda joto la mashine lisitoke mbali na nyuzi 150 za Selsiasi: joto likiwa dogo sileini haiishiki silika vizuri, likizidi mno salfa yake huanza kuuivisha mpira ungali ndani ya mashine.