Petroli Yenye Subira

Pale Sola, mkoani Simiyu, nilimkuta kijana wa bodaboda amechuchumaa kando ya Boxer yake, anamimina kichupa chekundu ndani ya tangi. Kichupa kina picha ya gari la mashindano, moshi unafuka matairi ya nyuma.

"Shikamoo mwalimu. Hii ni dawa ya oktani. Wamarekani ndiyo wanaitia kwenye zile V8 zao za kizamani."

"Marahaba. Na wewe unaitia ya nini?"

"Wese likiwa kali, chombo kinakuwa na nguvu."

Kauli hiyo nimeisikia Bariadi, nimeisikia Lamadi, na Mwanza nimeisikia kwa watu wenye shahada. Kila mara inanichoma, kwa sababu ni kinyume kabisa cha mambo yalivyo. Oktani haipimi ukali wa petroli. Inapima subira yake. Petroli ya oktani kubwa ni ile inayokubali kubanwa na kupashwa joto bila kulipuka mpaka iambiwe. Ukitaka ushahidi wa karibu, chukua gongo. Spiriti iliyomo ndani yake, ikishatolewa maji yote, ina oktani ya 108 hivi, juu ya petroli yoyote utakayouziwa mjini, na bado lita moja yake ina nishati kama theluthi mbili tu ya ile ya lita ya petroli. Oktani imepanda, nguvu ya ndani ya mafuta imeshuka. Kama oktani ingekuwa nguvu, hilo lisingewezekana.

Sitaeleza pistoni inavyopanda na kushuka. Anayenunua plagi anajua. Kinachosahaulika ni kwamba cheche hupigwa kabla pistoni haijafika juu, maana moto nao unahitaji muda wa kutembea. Unaanzia kwenye plagi na kusambaa kama moto uliowashwa upande mmoja wa mbuga wakati wa kiangazi. Sasa yafikirie majani ya upande wa pili. Kwenye mbuga halisi yanasubiri tu, yamepoa. Ndani ya silinda hayapoi: pistoni inayabana kutoka chini, na moto unaokuja unatanuka na kuyabana zaidi, joto linapanda. Petroli yenye subira husubiri moto uifikie. Isiyo na subira hujiwasha yenyewe, yote kwa pamoja, na kutoa mshindo unaogonga kuta za silinda maelfu ya mara kwa sekunde. Ukiwa juu ya pikipiki unasikia mlio kama choroko zinazotikiswa ndani ya kopo.

Mafundi wetu wana neno "kunoki," na wamelibebesha mizigo miwili. "Injini imenoki" kwa fundi wa Bariadi ni msiba: beringi zimekwisha au pistoni imeng'ang'ania, tafuta hela. Ule mlio wa choroko hauna jina rasmi, wengine husema inalialia, na kwa kuwa hauna jina, hauogopwi. Kumbe ndio unaozaa huo msiba. Kwenye uso wa pistoni kuna tabaka jembamba la gesi iliyopoa, linalokinga chuma na moto. Mishindo ile inalikwangua tabaka hilo, joto linamfikia mwenye nyumba, na pistoni ya aluminiamu inaanza kuliwa ukingoni, mwisho inatoboka.

Sasa hii subira inapimwaje? Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote.

Mwaka 1926 mkemia wa Marekani, Graham Edgar, alipendekeza kipimo chenye ncha mbili. Juu, kwenye 100, aliweka kimiminika kivumilivu sana kiitwacho iso-oktani. Chini, kwenye sifuri, aliweka heptani, isiyovumilia chochote. Heptani safi ya kufanyia kazi ilipatikana wapi? Kwenye mti. Milima ya California ina msonobari, msonobari wa Jeffrey, ambao utomvu wake ukichemshwa hutoa mvuke wa heptani karibu tupu. Waliokuwa wakichemsha utomvu wa misonobari kutengeneza tapentaini waliujua mti huo kwa ubaya: ukiuchanganya na mingine kwa bahati mbaya, mtambo unalipuka. Basi sifuri ya kipimo kinachotajwa na kila muuza mafuta duniani ilitoka kwenye gome la mti.

Halafu likatengenezwa dude la kupimia, mwishoni mwa miaka ya 1920, huko Waukesha, Wisconsin. Ni injini ya silinda moja, nzito, ya chuma cha kusubu, na ina tabia ambayo hakuna injini ya barabarani inayo: silinda yake yote inaweza kupandishwa na kushushwa kwa mpini wakati injini inanguruma, ili mgandamizo ubadilike hapo hapo. Mpimaji anaizungusha mizunguko 600 kwa dakika, mwendo ambao bodaboda ingezimika, anaishusha silinda taratibu mpaka petroli yake ianze kugonga kwa kiasi kilichowekwa. Kisha anatafuta mchanganyiko wa iso-oktani na heptani unaogonga vile vile. Ukiwa na sehemu 95 za iso-oktani na 5 za heptani, petroli yake ni 95. Basi. Hakuna aliyepima nguvu wala mwendo. Kuna kipimo cha pili, chenye joto zaidi na mizunguko 900, ambacho hutoa namba ndogo zaidi. Wamarekani huandika kwenye pampu wastani wa hizo mbili, ndiyo maana 93 yao inakaribia 98 ya kwetu. Watu wanaobishana mtandaoni kwamba petroli ya Marekani ni dhaifu wangeokoa bando lao kama wangejua hilo tu. Injini za aina hiyo bado ndizo zinazopima mafuta ya dunia mpaka leo.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha vizuri wataalamu wanavyoitazama namba hii. Mwaka 1988 magari ya Formula One ya McLaren yenye injini ya Honda yalishinda mashindano 15 kati ya 16. Kanuni zilikataza mafuta kuzidi oktani 102. Wajapani walitumia tolueni asilimia 84, kimiminika kizito cha jamii ya tina ya rangi, chenye oktani inayovuka kiwango hicho. Ilibidi waishushe. Wakaongeza asilimia 16 ya heptani, yaani sifuri yenyewe, kitu kibaya kuliko vyote kwenye kipimo! Walichokuwa wanakitafuta ni nishati nyingi ndani ya tangi dogo; oktani ilikuwa mlango wa kupitia, wakauacha ulivyo.

Turudi kwa zile V8. Wamarekani wanaziita magari ya misuli, na kwa hizo dawa ya kijana wetu ina maana, kwa baadhi yake. Chevrolet Chevelle ya mwaka 1970 yenye injini iitwayo LS6 ilikuwa na lita 7.4, nguvu za farasi 450, na mgandamizo wa 11.25 kwa 1. Iliundwa kwa ajili ya petroli ya daraja la juu ya enzi hiyo, yenye risasi. Petroli hiyo haiuzwi tena vituoni, kwa hiyo mwenye gari hilo leo ananunua mafuta ya mashindano na kuyachanganya, ama anarudisha cheche nyuma na kupoteza nguvu, ama anafungua injini na kubadili pistoni. Simcheki. Lakini mwaka uliofuata, 1971, General Motors ilishusha mgandamizo wa injini zake ili zikubali petroli ya oktani 91, na LS6 hiyo hiyo ikashuka mpaka 9 kwa 1. Mwenye gari la 1972 anayemimina mafuta ya mashindano hana tofauti na mtu anayevaa koti la mvua ndani ya nyumba. Mvua inayozuiwa haipo.

Na sisi? Mgandamizo wa bodaboda nyingi unazungukia tisa. Zile Land Rover za petroli zilizobeba wakaguzi wa pamba na madaktari wa mifugo Usukumani kote zilitolewa na vichwa vya aina mbili, 8 kwa 1 na 7 kwa 1, makusudi ili zile wese lolote litakalopatikana porini. Hata Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, haikutawaliwa na magari ya V8. Peugeot 404, gari la baba wa familia, ndiyo iliyoibeba mara nne katika miaka ya 1960. Barabara ilitaka springi, haikutaka oktani.

Tena kuna zawadi ambayo watu wa Simiyu hatujaihesabu. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, nasi tuko juu ya ziwa. Hewa huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, silinda inajaa kidogo, na mgandamizo halisi unapungua. Injini isiyo na tabo inayokaribia kugonga Kariakoo, Bariadi inatulia. Mji wa Denver, Marekani, ulio juu zaidi yetu, umekuwa ukiuza petroli ya 85 kwa sababu hiyo. Kijana wa Sola anayenunua dawa ya oktani ananunua kitu ambacho mwinuko wa nchi yake unampa bure.

Ubaya ni kwamba kwetu mlio wa choroko upo kweli, ila chanzo chake ni kingine. Kwanza, uchakachuaji. Neno hilo kabla halijahamia kwenye kura mwaka 2010 lilikuwa neno la mafuta: petroli inachanganywa na mafuta ya taa, ambayo subira yake ni ndogo mno. Mwaka huo huo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yagundulike, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isimtamanishe mchakachuaji. Nia njema. Aliyelipia ni bibi mwenye kibatari, na hilo bado sijalisamehe. Pili, petroli ya chupa. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi kwa kila wilaya, lakini bei kikomo haimfikii mtu wa kijiji kisicho na pampu. Yeye ananunua kwenye chupa ya maji iliyoanikwa juani tangu asubuhi juu ya meza ya mbao. Sehemu nyepesi za petroli, zile zinazosaidia injini kuwaka, zimeshapaa kwa wapita njia. Tatu, mshikaki: abiria watatu na gunia la pamba, gia ya nne, kilima, mizunguko inakufa. Hapo hata mafuta ya Honda yangelalamika. Shusha gia.

Na kabla hatujayaonea wivu mafuta ya mashindano, tukumbuke kilichoyapa subira. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba tone la msombo wa risasi linanyamazisha injini. Risasi ikatiwa kwenye petroli ya dunia nzima. Mwaka 1924 wafanyakazi watano wa kiwanda cha New Jersey walifariki kwa sumu yake, na Midgley mwenyewe aliwahi kuugua, lakini biashara haikusimama. Ni sumu ya ubongo, na watoto ndio inaowadhuru zaidi. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, liliongoza kampeni ya kuiondoa. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo kufikia Januari 2006, na Algeria ikawa ya mwisho duniani kuifunga pampu yake, Julai 2021. Hili ni jambo kubwa lililosimamiwa kutoka Afrika Mashariki na silioni kwenye mitihani ya shule. Baadhi ya mafuta ya mashindano bado yana risasi. Ya mashindano ya dunia ya rali, pamoja na Safari ya Naivasha, tangu 2022 hayatokani na mafuta ya kuchimbwa.

Oktani kubwa inafaa wapi, basi? Ndege ndogo za pistoni, ambazo mafuta yake mengi nayo bado yana risasi. Zile Caravan za Serengeti hapana, hizo zinachoma ndugu ya mafuta ya taa na hazina habari na oktani. V8 za zamani za zaidi ya 10 kwa 1. Gari la tabo ambalo kifuniko chake cha tangi kinaitaka kwa maandishi. Pikipiki za mashindano. Imetosha.

Nilimwomba kijana afungue plagi. Ilikuwa nyekundu kama kichuguu, maana dawa nyingi za aina ile zina manganizi au chuma, na mabaki yake hukaa pale pale cheche inapopigwa. Akaisugua kwa msasa kimya kimya, akaipuliza, akairudisha. Akawasha, akasikiliza.

"Kumbe ndiyo iliyokuwa inaniziba," akasema. Kisha akainua kile kichupa kutazama kilichobaki. "Na hiki, mwalimu, nikirudishe?"

Dukani hawapokei kilichofunguliwa. Akakifunga vizuri, akakitia mfukoni, akaita abiria wake. Walikuwa watatu.