Mafuriko Yanayochonga Mto

Mvua inayonyesha kwenye misitu ya Kaptagat, mashariki mwa Eldoret, ina njia mbili za kushuka. Ikielekea magharibi inaingia Sosiani, inapita katikati ya mji, inajiunga na Kipkaren kisha Nzoia, na kuishia Ziwa Victoria. Ikielekea mashariki inaporomoka zaidi ya mita 1,000 kutoka genge la Elgeyo hadi bonde la Kerio, na kutoka huko inakwenda Ziwa Turkana. Mvua ni ileile, mito haifanani hata kidogo.

Mwaka 1960 watafiti wawili Wamarekani, Wolman na Miller, walijiuliza ni mafuriko gani hasa yanayochonga mto. Gharika kubwa hubeba mashapo mengi kwa siku moja, yaani mchanga, tope na changarawe, ila huja mara chache. Maji ya kiangazi yapo miezi mingi lakini hayasogezi kokoto. Ukizidisha nguvu kwa idadi ya siku, mshindi ni wa katikati: maji yanayojaza mkondo hadi ukingoni, ambayo kwa mito mingi hurudi kila mwaka mmoja au miwili. Upana na kina cha mkondo hufuata kipimo hicho. Mto unaofurika kingo zake mara kwa mara haujaharibika. Ndivyo ulivyojijenga, ingawa taarifa rasmi huyaita mafuriko hayo janga la ghafla kila msimu.

Kanuni hiyo inatimia kwenye udongo laini kama wa Budalang'i, ambako Nzoia inakaribia ziwa na mteremko umekwisha. Mto unapinda, unakula ukingo wa nje na kuacha mchanga ukingo wa ndani. Ukifurika, hutandaza tope mashambani. Matuta ya kuzuia mafuriko hulibakiza tope hilo mkondoni, sakafu ya mto inapanda, tuta nalo linahitaji kupandishwa, na mkandarasi hakosi kazi.

Upande wa Kerio mambo yanageuka. Vijito vya gengeni vimejaa majabali ambayo maji ya kila mwaka hayayatikisi. Yanangoja mvua isiyo ya kawaida, na kwa saa chache mkondo unahamisha kilichokaa kwa kizazi kizima. Mteremko unapokatika ghafla chini ya genge, maji yanaishiwa nguvu na kutua mzigo wake kwa umbo la pepeo. Udongo wa hapo ni mzuri na maji yako karibu, ndiyo maana watu wanalima na kujenga juu yake. Chesegon, kituo cha biashara kilichosombwa na maporomoko ya udongo Aprili 2020, kipo chini ya milima ya namna hiyo.

Sosiani ya mjini ina tatizo lake. Uwanda wa Uasin Gishu ni lava ya kale iitwayo fonolaiti, jiwe gumu linalolia likigongwa, na mto unaipita kwa ngazi: kipande cha maji yaliyotulia, kisha mwamba mtupu na poromoko. Zamani mvua ya alasiri ilizama kwenye nyasi na vinamasi, ikafika mtoni taratibu. Sasa inaangukia mabati na lami, inaingia mitaroni, na kufika kwa mkupuo. Hata mvua isipoongezeka, ratiba imebadilika. Agosti 2024 Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji, hadhi ambayo haipunguzi maji ya paa hata lita moja.

Mkondo ukijaa mara nyingi zaidi, lazima ukue. Penye mwamba hauwezi kwenda chini, kwa hiyo unakwenda pembeni. Maji hufukua chini ya ukingo hadi udongo uning'inie. Mara nyingi hauanguki wakati wa mafuriko bali baada yake: maji yakishuka ghafla, udongo uliolowa unabaki mzito bila kitu cha kuuegemeza, na unamomonyoka kwa mabonge, pengine jua likiwa limeshawaka.

Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilitenga kila upande eneo lenye upana sawa na mkondo, lisipungue mita 6 wala kuzidi 30, likipimwa kuanzia ukingoni. Mkondo wa mita 10 ukipanuka sawasawa kuwa 14, kila ukingo umesogea mita 2 na eneo limeongezeka mita 4. Mpaka wa kisheria umeingia mita 6 ndani ya kiwanja, huku bikoni, alama ya mpaka wa kiwanja, ikiwa palepale.