Kufumbua fumbo: Mchezo unaowafunza vijana kupima ushahidi

Katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, sauti moja tu ya "mwizi!" imewahi kumgharimu maisha mtu asiye na hatia. Umati hukusanyika, hauulizi, na hukumu hutolewa papo hapo. Makala hii inaeleza mchezo wa kuwazoesha vijana kuuliza kabla ya kuhukumu. Mfano wake umewekwa Aija, mahali pa mabaharia panapotazamana na mji wa Sur, mashariki mwa Oman, ng'ambo ya hori.

Michezo ya namna hii si migeni. Robert Baden-Powell, mwasisi wa Uskauti, aliueleza mmojawapo katika kitabu chake cha mwaka 1908 na kuuita mchezo wa Kim, jina lililotoka katika riwaya ya Rudyard Kipling ya mwaka 1901. Vitu vidogo 20 au 30 hufunikwa kwa kitambaa, hufunuliwa kwa dakika moja, kisha kila mchezaji huandika anavyovikumbuka. Baden-Powell alifariki dunia tarehe 8 Januari 1941 huko Nyeri, Kenya, na ndiko alikozikwa.

Zoezi hilo linafaa kuwa utangulizi, kwani hunoa macho. Baada yake kiongozi huwagawa vijana katika makundi ya watu watano na kuwasimulia kisa cha kubuni: enzi za matanga, daftari la hesabu la nahodha mmoja wa Aija limetoweka. Kila kundi hupewa bahasha tatu. Ya kwanza inaeleza kuwa sanduku la nahodha lina alama ya sifa, yaani mafuta ya samaki yanayopakwa mbao za vyombo. Ya pili ina maneno ya seremala, asemaye kwamba alishinda ufukweni akitia kalafati. Ya tatu ina maneno ya karani, anayedai kuwa daftari lilipelekwa Unguja kwa jahazi lililong'oa nanga Sur mwezi wa Julai.

Karatasi ya kila kundi hugawanywa sehemu tatu: tulichokiona, tulichoambiwa na tunachokidhani. Kijana mmoja hupewa kazi ya kupinga kila jibu linalotolewa na wenzake.

Ni rahisi kundi kumnyooshea kidole seremala kwa sababu ya mafuta. Hapo kiongozi asitoe jibu, bali aulize: ni nani mwingine hugusa sifa? Nahodha mwenyewe huigusa, na mabaharia wake pia. Alama hiyo basi haimtaji mtu yeyote.

Kisha yafuata maneno ya karani. Majahazi ya Sur yalikwenda Afrika kwa pepo za kaskazi, kati ya Desemba na Machi, na kurejea kwa kusi kuanzia Aprili. Mwezi wa Julai kusi huvuma kuelekea Arabuni, na jahazi la matanga halikuweza kufunga safari ya Unguja. Karani amesema uongo.

Je, ndiye mwizi? Hapa ndipo penye somo kubwa. Uongo huonyesha pa kuuliza tena, lakini hauthibitishi wizi. Kiongozi sasa hutoa bahasha ya nne, barua ya mwenye duka: karani alimletea daftari lililolowa maji ili alinakili upya. Hakuiba, aliona haya kukiri uzembe wake.

Mchezo huchukua muda wa saa moja hivi. Kiongozi anapaswa kuepuka kisa cha wizi uliotokea kweli mtaani, na majina ya watu wanaojulikana, asije akazua tuhuma mpya. Mwishoni kila kundi lisome safu ya tatu ya karatasi yake kwa sauti, na lihesabu ni mara ngapi dhana iliandikwa kana kwamba ni jambo lililoonekana.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kijana aliyecheza mchezo huu atauliza kwanza: limesemwa na nani, na aliliona wapi?