Uzee wa Nyumba Zisizopata Kunyeshewa

Miongoni mwa sanaa ambazo watu wazima wa Ulaya na Marekani huzishughulikia katika saa zao za faragha, ipo moja ambayo asiyeijua huidhania kuwa mchezo wa watoto, nayo ni ya kuunda reli ndogo yenye stesheni, maghala, madaraja na vijiji vyake, vyote vikiwa vimepunguzwa kwa nisba moja isiyobadilika. Garimoshi lenyewe aghalabu hununuliwa dukani. Bali nyumba hujengwa kwa mkono, na katika nyumba ndipo ustadi wa fundi unapodhihirika, hususan katika kazi ya mwisho, ambayo ni kulifanya jengo lililomalizika jana lionekane kuwa limepigwa na jua na mvua kwa muda wa miaka arobaini. Kazi hiyo ya kuchakaza ndiyo ninayokusudia kuieleza, kwa kuwa wengi huiharibu kwa kudhani kwamba uchafu ni uchafu tu, popote upakwapo.

Nisba iliyoenea zaidi ni ya 1 kwa 87, ambayo milimita 3.5 hushika mahali pa futi moja. Waingereza wana yao ya milimita 4 kwa futi, yaani 1 kwa 76 na ushei. Katika ile ya kwanza mtu wa kimo cha kadiri huwa na urefu wa sentimita 2, mlango hauzidi milimita 24, na ubao wenye unene wa inchi moja huwa mwembamba kuliko theluthi ya milimita. Mwanafunzi akikata fremu ya dirisha kwa unene wa milimita moja, kazi inayoonekana kwake kuwa nyembamba sana, amekwisha kuweka boriti ya karibu sentimita 9, na jicho la mtazamaji litaikataa kabla akili yake haijatambua sababu. Fauka ya hayo, mtu anayelitazama jengo hilo kwa umbali wa sentimita 60 ni kama aliyesimama mita 52 mbali na jengo la kweli, na kwa umbali huo hakuna aonaye weusi mtupu wala wekundu mkali. Kwa hiyo rangi haipakwi kama ilivyotoka koponi, bali hupunguzwa ukali kwa nyeupe au kijivu, na ile nyeusi safi huachwa kabisa.

Aliyewafungua macho wengi nchini Marekani katika jambo hili ni John Allen, mpiga picha wa Monterey, California, aliyezaliwa mwaka 1913, ambaye katika zama za watu kutaka vitu vyao ving'are aliijenga reli yake ya Gorre & Daphetid kwa mapaa yaliyobonyea, mbao zilizopauka na vichwa vya treni vilivyotapakaa masizi na kutu. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto ukaiteketeza reli ile. Sehemu kubwa ya tuyajuayo kuihusu hutoka katika picha. Kwangu mimi, pamoja na heshima yote anayostahili, uchakavu wa Allen una tamthilia ndani yake, kwa maana kila kibanda hutaka kutazamwa.

Nampenda zaidi Roye England, Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925 na kuhuzunishwa na jinsi nyumba za kale za Bonde la White Horse zilivyokuwa zikiezuliwa nyasi na kuvunjwa, akaazimia kuzipima na kuziunda upya kwa udogo, kazi iliyozaa jumba la makumbusho la Pendon katika kijiji cha Long Wittenham. Kuta za nyumba za Pendon ni kadi, na rangi za mawe na matofali yake hupakwa kwa brashi na rangi ya maji, ilhali nyasi za mapaa ni zile nyuzi ambazo mafundi bomba huzizungusha kwenye viungo ili maji yasivuje. Hapo uzee haupigi kelele: nyumba ni kongwe, lakini dhahiri pana mtu akaaye ndani, apakaye chokaa na kuziba paa, na uchakavu uliopo ni ule uliomshinda.

Natuliangalie ghala dogo la mbao lililo kando ya njia ya reli. Vijiti vyembamba hutiwa rangi kabla ya kugusana na gundi, kwani gundi ikishaingia katika nyuzi za mbao huzuia rangi isipenye, na doa jeupe litakalobaki halina dawa. Rangi yenyewe ni matone machache ya wino mweusi ndani ya spiriti, na vijiti havichovywi vyote kwa kipindi kimoja, maana katika ukuta wa kweli hakuna mbao mbili zilizopauka sawasawa. Vikikauka hubandikwa, kisha brashi iliyokwisha kufutwa karibu yote hupitishwa juu juu ili rangi ishike penye miinuko tu. Mabati hupatikana kwa kukandamiza karatasi ya aluminiamu juu ya bamba lenye migongo, na kila mgongo usizidi milimita moja. Aipitaye kadiri hiyo amejenga paa la jitu.

Sasa ndipo linapokuja suala la sababu, na hapa sina huruma na mafundi wanaonyunyiza kutu kama watiao chumvi mchuzini. Maji hushuka, hayapandi. Msomaji wa pwani aliyepata kulitazama paa la mabati lililo karibu na bahari anajua kwamba kutu huanzia kwenye matundu ya misumari na pale bati moja linapolalia jingine, kisha huteremka kwa michirizi inayofifia. Hajapata kuiona ikianza katikati ya bati zima. Kadhalika, chini ya pembe za dirisha hushuka weusi kwa kuwa maji ya kizingiti hukusanyika huko, na mguu wa ukuta huwa na ukanda wa udongo uliorushwa na matone ya mvua kutoka ardhini. Masizi hukaa juu ya mlango wa banda la vichwa vya treni, moshi unapotokea, wala si kwenye ukuta wa ubavuni. Chini ya ukingo wa paa, ambapo jua na mvua havifiki, rangi ya zamani husalia mbichi, na fundi anayeiacha hapo ameieleza historia yote ya nyumba kwa ukanda wa milimita 5.

Anayetamani kuijenga stesheni ya reli yetu ya kale, ile iliyoanzia Mombasa na kufika Kisumu mwaka 1901, atakuta upana wa mita moja baina ya reli unageuka milimita 11.5, na njia za milimita 12 zinazouzwa kwa wapenzi wa reli za milima ya Uswisi zitamfaa bila ya tofauti kuonekana. Mataruma atayatia rangi ya chuma. Vumbi jekundu la Tsavo atalipandisha ukutani kuanzia chini, kwa brashi laini, na alizidishe kidogo, kwa kuwa vanishi inayofuata huimeza nusu ya rangi ya unga.

Atakaye kuanza na aufanyie kazi kwanza ukuta wa nyuma, ambao hautaonekana na mtu, huku picha ya jengo la kweli iko mezani mbele yake. Wala asitumie fedha kwa unga wa rangi wa madukani. Chaki ya kahawia iliyosagwa juu ya msasa inatosha.