Sili Peke Yake au Seti Nzima?

Ukikuta tairi la nyuma la Beetle yako limelowa kwa ndani, gusa ule unyevu kisha uunuse. Oili ya gia ni nzito na ina harufu ya kiberiti. Kama ni mafuta ya breki, mgonjwa ni silinda ya gurudumu, na sili haina kosa. Pima pia oili kwenye giaboksi: ikijazwa kupita kiasi hutafuta njia ya kutokea magurudumuni, na kuipunguza ni kazi ya dakika chache.

Ikithibitika ni sili, fundi atauliza, "Mzee, nilete sili tu au seti?" Kwa Beetle za zamani, zile ambazo ekseli hupita ndani ya bomba lake, mimi nanunua seti. Inakuja na sili, gasketi ya karatasi, oringi, kisahani cha kurusha oili na pini mpya ya nati. Oringi iliyokauka huvujisha kama sili iliyochanika, na kuifikia ni lazima ung'oe nati na dramu upya. Ufundi huo ukiulipia mara mbili, ile nafuu ya sili tu imekwisha.

Kuna kimoja ambacho fundi mwenye haraka hukiruka. Mdomo wa sili husugua pete ya chuma iliyovalishwa ekseli. Pitisha ukucha juu yake; ukinasa kwenye mfereji, nunua pete nyingine, maana hata sili mpya itavuja palepale.

Bili hupandia kwenye brekishuu. Zikishalowa, usikubali zioshwe kwa petroli, kwani oili imeshazama ndani na gari litavuta upande mmoja ukikanyaga breki. Badilisha za pande zote mbili, hata kama zinazidi bei ya seti.

Kujifanyia mwenyewe? Nati ni ya milimita 36 na hukazwa kwa takriban Nm 300, yaani kuegemea kilo 30 kwenye ncha ya bomba la mita moja. Soketi ya saizi hiyo ukiinunua kwa kazi moja tu, huenda fundi akawa rahisi zaidi; bora uiazime. Tundu la pini lisipolingana, kaza mbele mpaka lilingane, usirudishe nyuma: nati iliyolegea hula meno ya dramu.

Nikimwachia fundi, namwambia aniwekee vipuri vya zamani kwenye mfuko. Nisipoona oringi zilizochakaa humo, pochi haifunguki.